Paka skatingi rangi kabla haijagongwa ukutani

Watu wa mjengo, hili nalisema kwa roho yote: skatingi, yaani zile mbao za kuzunguka chini ya ukuta, na zile za kuzunguka fremu za mlango zipakwe rangi zikiwa bado chini, kabla fundi hajazigonga. Na si mbele peke yake. Mgongo pia, na ule ukingo wa chini unaokalia tailisi, na kila mwisho uliokatwa na msumeno.

Shida ni maji. Nyumba zetu hapa Nairobi zinapigwa deki karibu kila siku, tambara linaburutwa hadi kwa kona, na maji yanaingia kwa ule ukingo wa chini ambao hakuna brashi itaufikia tena msumari ukishaingia. Halafu mbao hunywa maji zaidi kwa miisho kuliko ubavuni, ndio maana utaona rangi inaanza kubanduka kwa maungio kabla ya kwingine. Na ukipaka mbele pekee, mgongo unazidi kuvuta unyevu wa ukuta wa mawe, upande mmoja unavimba mwingine umetulia, mbao inapinda.

Mbao ya saiprasi ya soko la Gikomba mara nyingi unauziwa ikiwa bado mbichi, kwa hivyo ilaze ndani ya nyumba wiki kadhaa na vijiti katikati hewa ipite, na kama ni Aprili mvua imekolea, usiharakishe kabisa. Ikikauka piga msasa, yale macho ya mbao yazibe na shelaki kwa sababu utomvu wake hupenya hadi rangi nyeupe inapata madoa ya manjano, kisha praima (rangi ya kwanza ya kushika mbao) pande zote nne, andakoti (rangi ya kati), msasa laini namba 240, halafu mkono wa kwanza wa glosi, ile rangi ya kung'aa. Wa mwisho uache kwanza. Lazima kutakuwa na mashimo ya skrubu na fisha (plagi za kushika skrubu ukutani) ya kujaza pati, na mikwaruzo ya kubeba, hiyo utamaliza ikiwa ukutani.

Kitu kimoja simamia mwenyewe: kikopo cha praima na brashi ndogo vikae kando ya msumeno, kila mara fundi akikata kona anapaka ule mwisho mpya papo hapo kabla afunge. Atasema unamchelewesha. Mlipe hizo dakika, ni haki yake.

Kama ni mahogani ya vanishi, fuata njia hiyo hiyo kwa vanishi badala ya rangi, ila pati ichanganywe na vumbi la mbao yako mwenyewe na sandingi sila (ile ya kuziba mbao kabla ya vanishi), na uijaribu kwanza kwa kipande kilichobaki.