Majivu kwenye Paji la Uso

Juzi usiku tulikuwa tumelizunguka jiko la mkaa. Mnaijua Julai ya Uyole, hapa Mbeya, baridi inakufuata hadi chini ya blanketi. Binti yangu alikuwa ameshika simu ya mama yake, anaangalia video za michezo moja baada ya nyingine. Ghafla akanisogezea ile simu puani.

"Baba, huyu anaota moto gani kwenye barafu?"

Nikatazama. Alikuwa Alexander Ovechkin, Mrusi wa Washington Capitals, kwenye mpira wa magongo wa barafuni. Tukio lenyewe ni la Machi 2009, mjini Tampa. Alikuwa ametoka kufunga goli lake la 50 la msimu ule, akalilaza gongo chini, akalinyooshea viganja kama sisi tulivyokuwa tumelinyooshea jiko. Alijifanya limepata moto hadi halishikiki. Binti alicheka mpaka akakohoa. Nikamwambia kwamba siku ile jamaa alikuwa ugenini, na wenyeji waliofungwa walikuwa palepale, na wapo waliochukia sana.

"Kwani vibaya? Si amefunga?"

Sikumjibu. Mawazo yalishanipeleka Rungwe, mwaka 1994, kwenye ule mteremko wa nyuma ya shule tuliokuwa tunauita uwanja.

Ilikuwa fainali ya mbuzi, sisi wa juu na wao wa bondeni. Mbuzi mwenyewe, beberu mweusi, alikuwa amefungwa kwenye mkaratusi karibu na kona, anatafuna na kututazama. Tulikuwa tunaongoza manne kwa bila. Magoli hayo manne siyakumbuki hata moja, hata nani aliyafunga.

Kipa wao nilimfahamu. Asubuhi tulikuwa tunapishana njiani, yeye akipeleka maziwa. Siku ile alicheza peku, na alikuwa amevaa sweta la shule la dada yake, la bluu, mikono yake mirefu kupita mikono yake mwenyewe. Glovu hakuwa nazo. Alizivuta zile ncha za sweta mpaka zikafunika vidole, akawa anadakia hizo. Manyunyu yalikuwa yamelilowesha lote, na kila alipoudaka mpira maji yalimchuruzika hadi kwenye viwiko.

Baba mdogo alinipa pasi ndefu. Beki wa mwisho akateleza. Nikabaki na kipa. Alitoka vizuri, bila woga, akajirusha miguuni pangu. Nikauvuta mpira kushoto, nikamwacha amelala kwenye tope. Mbele yangu goli tupu, hatua nne hivi.

Ningeupiga tu. Badala yake nikaukokota taratibu mpaka kwenye mstari, nikausimamisha kwa soli ya kiatu. Mistari yetu ilichorwa kwa majivu ya jikoni, na mvua ilikuwa imeyageuza uji wa kijivu. Nikageuka nyuma. Kipa alikuwa ameshainuka kwa goti moja. Nikamsubiri. Hapo ndipo panaponiuma kuliko kwingine kote, kwamba nilimsubiri. Nilitaka aje, nilitaka aone kwamba labda atauwahi. Akaja mbio, tope limemjaa kifuani, mkono mmoja ameunyoosha mbele na ncha ya sweta inaning'inia. Alipobakiza kama urefu wa mkono nikapiga magoti, nikainama, nikausukuma mpira kwa paji la uso. Ukavuka mstari polepole. Nyavu hatukuwa nazo, ukaserereka mpaka kwenye mahindi.

Kelele zilizopigwa sijawahi kuzisikia tena. Vigelegele, watoto wameingia uwanjani, mtu anatwanga ndoo. Refa, ambaye alikuwa mwalimu wetu, alikuwa anacheka waziwazi huku akionyesha kati.

Kipa aliufuata mpira mwenyewe kwenye mahindi. Alikawia kidogo kutoka. Aliporudi, mimi nilikuwa bado nimepiga magoti, mikono juu. Akasimama mbele yangu, akaanza kuufuta ule mpira. Hakuwa na haraka. Aliuzungusha, akaupangusa kwa tumbo la sweta la dada yake upande huu, akaugeuza, akaupangusa upande ule, mpaka ngozi ikaonekana na mishono yake. Halafu akanikabidhi kwa mikono miwili, ameinamisha kichwa kidogo, namna ambayo kwetu unampa kitu mtu mzima. Tulikuwa rika moja. Nikaupokea. Mdomo ukasema "ndaga", asante ya Kinyakyusa, wenyewe, kwa sababu kwetu hupewi kitu namna ile ukanyamaza. Yeye hakusema neno. Alirudi golini, akazivuta tena ncha za sweta, akainama kungoja mpira uanze.

Beberu alichinjwa jioni ileile. Nilibebwa mabegani mpaka nyumbani. Bibi akaniuliza nani amenipaka majivu usoni, nikamwambia nimefunga goli, akanimiminia maji kwa kata nikanawa. Hakuna aliyenikemea. Wiki nzima wadogo zetu walikuwa wanapiga magoti nyuma ya madarasa, wanasukuma mipira ya makaratasi kwa vichwa. Na yule kipa tuliendelea kupishana asubuhi, akanisalimia kama zamani, nikaitikia. Kabla mwaka haujaisha wakahamia Kyela. Sijamwona tena.

Tangu hapo kila kisa cha mbwembwe uwanjani hunigusa mahali. Kinachosimuliwa sana ni cha Lindsey Jacobellis, Mmarekani, kwenye mbio za ubao wa theluji katika Olimpiki ya Turin mwaka 2006. Alikuwa amewaacha wenzake mbali, dhahabu inamngoja chini. Kwenye mruko wa pili kutoka mwisho akauinamia ubao, akaushika kwa madoido, akaanguka. Tanja Frieden wa Uswisi akampita, Jacobellis akaishia na fedha. Dhahabu aliipata Beijing mwaka 2022, miaka 16 baadaye. Watu humtaja kama onyo kwa vijana. Mimi nikimtazama anavyojiinua kwenye ile theluji, namwonea wivu kidogo. Madoido yake yalimgharimu yeye, palepale, na kila mtu akaona. Mimi sikuanguka. Goli lilikubaliwa, nyama ililiwa, na gharama yangu akabeba mtoto mwingine na sweta la watu.

Siku hizi Sheria ya 12 ya soka inamtaka refa atoe kadi ya njano kwa mchezaji anayeshangilia kwa kudhihaki, na ukivua jezi pia unapewa. Nimejiuliza kama kadi ingenisaidia siku ile. Sidhani. Ningeshangiliwa zaidi.

Wala siyachukii madoido. Mtu akipigwa kanzu safi, mpira ukapitishwa juu ya kichwa chake, pale uwanja wa Sokoine mimi ndiye wa kwanza kusimama. Ndondo, soka letu la mtaani, bila tobo za kupitisha mpira katikati ya miguu na vionjo ni kukimbizana tu kwenye vumbi. Hata huyo Ovechkin simlaumu. Furaha yake ilikuwa kubwa na hajawahi kuificha, na Aprili 2025 ndiye aliyeivunja rekodi ya Wayne Gretzky ya kufunga magoli mengi zaidi kwenye ligi yao, NHL, magoli 894. Na kwenye ligi hiyohiyo, mfululizo wa mtoano ukiisha, timu zote mbili hupanga mistari na kupeana mikono mtu mmoja mmoja, hata kama usiku ule walikuwa wanagongana kwenye mbao za ukingo wa uwanja. Huenda tofauti iko hapo, kati ya kufurahia goli na kumngoja mtu ili aumie vizuri. Lakini nikishaisema hivyo naona haijanitosha, kwa sababu bado sijui kile alichonipa yule kipa kwa mikono miwili kilikuwa nini. Kama ilikuwa heshima, sikuistahili. Kama alikuwa ananitukana, hakuna aliyewahi kunitukana vizuri hivyo.

Yote haya nilimsimulia binti, mkaa ukigeuka majivu. Anacheza mbele kwenye timu ya shule, namba tisa, na Jumamosi wana mechi. Nilitegemea atanyamaza. Akasimama, akachukua soksi za mama yake, akazikunja zikawa mpira, akaziweka kwenye mstari wa vigae. Mwenyewe akaenda kusimama mlangoni pa jikoni, akatanua mikono.

"Mimi kipa. Njoo, nionyeshe."

Mama yake akaacha kusuka, akanitazama. Nikasogea. Nikaupiga taratibu kwa mguu, ukapita pembeni yake, ukagonga ndoo.

"Siyo hivyo, baba," akasema. "Umesema ulipiga magoti."