Nilivyomfanya bibi wa Saskatchewan asimulie maisha yake

Kama unatunza wazee huku Canada na familia imekuomba uandike maisha ya mama yao, usikubali kuuziwa kile kitabu cha maswali. Mimi kila mtu aliniambia ndicho dawa: unauliza, unajaza. Niliuliza. Utotoni mlicheza michezo gani? "Tulifanya kazi." Siku uliyofurahi kuliko zote? "Tulipomaliza kuvuna." Bibi ana miaka tisini na ushee, akili timamu kabisa, amezaliwa na kulima hapahapa jimbo la Saskatchewan, wazazi wake walitoka Galicia, ambayo sehemu yake leo ni magharibi mwa Ukraine. Maisha yote hayo, kitabu kikabaki na majibu ya maneno mawili mawili. Binti yake alishakata tamaa. Mimi sikukata.

Nikamwuliza bibi namba ya shamba lao. Nyanda hizi zilipimwa kwa miraba: seksheni ekari 640, robo yake ekari 160, na kila robo ina namba. Alinitajia palepale, bila kufikiri. Kwa sheria ya ardhi ya 1872, mtu alilipa dola 10 akaandikishwa robo moja, kisha akae juu yake, ajenge nyumba na alime kiasi kilichotakiwa ndipo apewe hati. Mafaili ya maombi hayo yamehifadhiwa kwenye nyaraka za jimbo. Nikaagiza nakala. Hela yake si ya kukusumbua. Kusubiri ndiko kunakochosha.

Zilipofika, nikaziweka mezani baada ya chai, simu inarekodi kwa ruhusa yake, nikaanza kumsomea taratibu. Jina la baba yake. Ng'ombe wangapi, farasi wangapi. Ekari mpya zilizolimwa mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nyumba ya magogo. Majirani wawili wameapa kwamba mwombaji amelima. Hapo bibi akatua kikombe.

"Amelima nani?"

Hakunyamaza mpaka giza likaingia! Baba yake kila kiangazi alikuwa kwenye kazi za reli akitafuta hela taslimu. Visiki aling'oa mama yake, mtoto kalazwa kwenye sanduku pembezoni mwa shamba. Nyumba alikandika mama yake: udongo, mabua yaliyokatwakatwa na samadi ya farasi, vinakanyagwa kwa miguu mpaka vishikane, kisha chokaa. Nikamwambia kwetu Hanang, Tanzania, tunakandika hivyohivyo, ila samadi ya ng'ombe. Akataka nimwonyeshe kwa mikono, akanikosoa: kiganja kilainishe kwenda juu, si chini. Na kwenye faili lote mama huyo hana jina, ameandikwa "mke". Sheria yenyewe haikumpa mwanamke robo yake, labda awe kichwa cha familia, kama mjane mwenye watoto.

Baada ya hapo kazi yangu ikawa kuandika tu. Miaka ya 1930 vumbi liliingia mpaka kwenye unga, wakatundika mashuka yaliyoloweshwa madirishani. Ng'ombe walilishwa magugu ya miiba. Watu waliokosa hela ya petroli walitoa injini kwenye magari wakafunga farasi, wakayapa jina la waziri mkuu wa wakati huo, R. B. Bennett. Alipoolewa, ngano ililipa madeni. Hela ya krimu na mayai, aliyoishika mwenyewe, ndiyo iliyovalisha watoto viatu. Umeme ulianza kusambazwa vijijini kwa sheria ya 1949, na ulipofika kwake kitu cha kwanza alichonunua ni mashine ya kufulia.

Andika siku hiyohiyo uliyosikiliza, sauti pekee haitoshi. Na usiruke habari za wenye ardhi wa kwanza. Eneo hilo ni la Mkataba namba 6 wa 1876, kati ya serikali na wenyeji wa asili, nchi ya Wacree, nami nililiweka hilo waziwazi, kwa kuwa nimekulia Hanang, ambako mashamba ya ngano ya NAFCO, shirika la serikali la kilimo, yaliyofadhiliwa na Canada yalichukua malisho ya wafugaji Wabarabaig. Binti yake alisita kidogo. Bibi akasema liandikwe.

Kitabu kimeshachapwa, nakala za kutosha ukoo mzima. Bibi aliagiza ukurasa wa kwanza uanze na jina kamili la mama yake na ekari alizong'oa visiki. Faili la serikali tumeliweka nyuma kabisa.