Kuwatambua Charites: anza na mgongo wa yule wa kati

Si kila wanawake watatu walio uchi katika sanaa ya Ulaya ni Charites, miungu wa kike wa urembo wa Ugiriki ya kale (kwa Kiingereza Three Graces), na hapa watazamaji wengi hupotea. Miungu wa kike Hera, Athena na Aphrodite nao ni watatu, nao huchorwa uchi mbele ya Paris, mwana wa mfalme wa Troy aliyeamua nani kati yao ni mrembo zaidi. Ukiona kijana mwenye tufaha, ngao ya Athena au tausi wa Hera, hilo ni shindano la urembo. Charites hawashindani: hushikana mabega au mikono, na hakuna anayewapita wenzake.

Hesiod, mshairi wa Ugiriki ya kale, anawataja kuwa mabinti wa Zeus na Eurynome: Aglaia ni mng'aro, Euphrosyne furaha, Thalia shangwe. Thalia huyu si yule wa Muses (miungu wa kike wa sanaa) anayeshika kinyago cha vichekesho. Wameshiriki jina tu. Idadi ya watatu nayo haikuwa sheria kila mahali. Pausanias, msafiri wa karne ya 2 BK, anaeleza kwamba Sparta waliwaabudu wawili, Cleta na Phaenna. Huko Orchomenos, katika eneo la Boeotia nchini Ugiriki, anasema heshima kubwa zaidi ilitolewa kwa mawe yaliyoaminiwa kuanguka kutoka mbinguni. Hilo hunivutia kuliko sanamu nyingi: miungu wa urembo kuabudiwa kwa umbo la mawe!

Pausanias huyo huyo anakiri kwamba hakumpata msanii wa kwanza kuwaonyesha uchi, kwa sababu kazi za zamani ziliwavika nguo. Mchongo wa ukutani kutoka kisiwa cha Thasos, wa takriban 480 KK, ulioko katika makumbusho ya Louvre, Ufaransa, unawaonyesha wamevaa, wakiwa pamoja na mungu Hermes. Kwa hiyo usitafute uchi katika kazi za kipindi hicho, utawapita bila kuwajua.

Kundi maarufu la uchi lina mpangilio wake. Wawili wa pembeni wametuelekea, wa kati ametupa mgongo, na mikono imewekwa mabegani mwa wenzake. Ukisimama mahali pamoja unaona mwili mbele na nyuma, ndiyo maana mpangilio huu ulifaa hata ukutani, kama kwenye picha za Pompeii, mji wa kale wa Kirumi. Katika nakala za Kirumi za marumaru angalia pia mitungi iliyofunikwa vitambaa pande mbili. Si pambo tu. Marumaru hubeba uzito wa kukandamiza vizuri lakini huvunjika upesi ikivutwa au kupindwa, na vifundo vya miguu ni vyembamba mno kubeba kiwiliwili kizima. Mtungi huupokea mzigo huo.

Mchoraji Raphael aliufuata mpangilio huo, takriban 1504, kwenye ubao wa sentimita 17 kwa 17 tu, ulioko Chantilly, Ufaransa. Kila mmoja ameshika tufe mkononi. Mchoraji Rubens naye aliuhifadhi mgongo wa kati, ila miili yake ni minene na yenye joto.

Mchoraji Botticelli ndiye anayewachanganya watu. Katika mchoro wake Primavera, takriban 1480, Charites wamevaa vitambaa vyepesi na wanacheza dansi, vidole vimefumana juu ya vichwa. Wa kati bado ametupa mgongo, na Cupid, mungu wa mapenzi, anaelekeza mshale upande wao. Miungu wengine wa kike, Venus na Flora, wako kwenye mchoro huo huo, basi usihesabu wanawake wote. Tafuta mikono iliyoshikana.

Mchongaji Canova aliivunja kanuni hiyo ya mgongo wa kati. Watatu wake wameinamisha vichwa na kukumbatiana, wa kati akiwa ametazama mbele. Alichonga mara mbili: kazi ya kwanza iko katika makumbusho ya Hermitage, Urusi, ya pili ilinunuliwa 1994 kwa pamoja na Victoria and Albert Museum na National Galleries of Scotland. Hapa mtungi haupo, mzigo umepokewa na nguzo fupi iliyo nyuma. Picha ya mbele pekee inakunyima nusu ya kazi: zunguka, kwa kuwa jinsi mikono ilivyopishana migongoni haionekani ukiwa umesimama mbele.