Barry Anakimbia, Cisco Analipa

Kila nikirudi kwenye The Flash, tamthilia ya Marekani kuhusu shujaa mwenye kasi ya ajabu, iliyoanza Oktoba 2014 na kuisha Mei 2023, nakuta simfuati tena Barry Allen, shujaa mwenyewe. Ukishamwona mtu akikimbia kwa misimu tisa na sehemu 184, mbio zenyewe zinazoeleka. Ninaowatazama sasa ni wale wasaidizi wake waliobaki maabara na vipaza sauti vyao, wasubirio kujua kama karudi mzima. Na jinsi ninavyozidi kurudia ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba mhusika msaidizi wa tamthilia hii ana uhai pale tu anapokuwa na kitu cha kupoteza ambacho kasi ya Barry haiwezi kumrudishia.

Nianze na Cisco Ramon, fundi wa timu, maana hapo ndipo waandishi walipolijua jambo hilo vizuri kuliko popote.

Sehemu ya 4 ya msimu wa kwanza inafichua kwamba Cisco aliunda bunduki ya baridi kwa siri. Aliiunda kabla hajamfahamu Barry, iwe kinga endapo mtu huyo aliyezinduka kutoka koma akiwa na kasi ya ajabu angegeuka jambazi. Hoja yake ilikuwa ya maana kabisa. Bunduki ikaangukia mikononi mwa mwizi Leonard Snart, watu wakaumia, Barry akakasirika. Tamthilia nyingi zingefunga jalada hapo. Hii ikaliacha wazi hadi sehemu ya 16, Snart alipomteka Cisco pamoja na kaka yake Dante na kuanza kuvigandisha vidole vya Dante, mpiga piano, hadi Cisco akataja jina la mtu aliye ndani ya suti nyekundu. Sehemu kumi na moja zimepita katikati, na deni bado ni lile lile. Ndiyo maana mashabiki wanampenda Cisco, kuliko hata vichekesho vyake au majina anayowabandika maadui. Makosa yake yana kumbukumbu.

Katikati ya hizo mbili iko sehemu ya 15, ambayo kwangu ndiyo kilele cha tamthilia nzima. Cisco anagundua kwamba Harrison Wells, mkuu wa maabara, ndiye Reverse-Flash, adui mkubwa wa Barry mwenye kasi kama yake. Wells anamwambia amekuwa kwake kama mwana, kisha anaupitisha mkono kifuani mwake. Dakika chache baadaye Barry anakimbia hadi anarudi nyuma siku moja, na mauaji yale yanafutika. Hila ya kuirudisha saa nyuma kwa kawaida inaua uzito wa kifo. Hapa haikuua, kwa sababu Cisco alianza kuiota ile siku iliyofutwa, na ndoto hizo zikageuka kuwa chanzo cha uwezo wake mwenyewe. Waandishi waliifuta tarehe, jeraha wakaliacha.

Linganisha na msimu wa 3. Barry, aliyerudi nyuma mwishoni mwa msimu wa 2 kumwokoa mama yake aliyeuawa, anajuta, anajaribu kutengua alichofanya, na anaporejea Dante ameshakufa. Cisco anamwomba arudi tena amwokoe kaka yake. Barry anakataa. Huo ni mgogoro wa kweli kati ya marafiki wawili: umeivunja kanuni kwa ajili ya mama yako, kwa kaka yangu unanihubiria kanuni. Ungeweza kubeba msimu mzima. Ukamalizwa kabla ya nusu, kwa msamaha mwepesi, kwa sababu adui mkuu alikuwa anasubiri zamu yake. Bado sijawasamehe kwa hilo.

Kuhusu Iris West, mwanamke anayependwa na Barry, lawama nyingi zinamwangukia asiyestahili. Kwanza niseme wazi: Candice Patton ameeleza hadharani matusi ya ubaguzi wa rangi aliyoyapata kwa kucheza nafasi hiyo, na hayo hayahesabiki kama maoni ya shabiki. Kasoro iko kwenye maandishi, na inaweza kuonyeshwa kwa kidole. Katika sehemu ya kwanza kabisa Joe, baba yake Iris, anamwapisha Barry asimwambie Iris siri yake. Eddie Thawne, mchumba wa Iris, anaambiwa katika sehemu ya 17. Iris mwenyewe, mwandishi wa habari anayemchunguza Flash, anajua katika sehemu ya 20. Ukimpa mhusika kazi ya kutafuta ukweli kisha ukawafanya wote wanaompenda wamfiche ukweli, mtazamaji anamwona mzito wa kuelewa, ilhali wakosaji ni hao waliomzunguka. Msimu wa 3 ukamgeuza tarehe ya kifo inayosubiriwa. Msimu wa 4 ukampa uongozi wa timu, lakini uongozi wenyewe ukawa ni kusimama mbele ya skrini na kusema "kimbia, Barry". Alipata hewa msimu wa 6 alipokuwa na gazeti lake, wafanyakazi wake na uchunguzi wake, halafu wakamfungia katika ulimwengu wa ndani ya kioo.

Kwa anayetaka kubishana kwa ushahidi, kipimo ninachokitumia ni rahisi. Chagua mhusika mmoja na sehemu tatu zinazofuatana za msimu mmoja. Gawa karatasi mara tatu. Safu ya kwanza, weka alama kila anapozungumza jambo lisilomhusu Barry wala adui wa wiki. Ya pili, kila anapoamua kitu na uamuzi huo ukabadilisha tukio linalofuata. Ya tatu, kila anapomtia Barry moyo kwenye korido. Usihesabu vichekesho, vitakupotosha, hasa kwa Cisco. Wala usichukue sehemu moja tu, kwa sababu kila msaidizi hupewa sehemu yake moja ya kung'ara, nawe ukiipata hiyo utadhani mambo ni mazuri. Safu ya tatu ikizishinda mbili za kwanza kwa pamoja, mhusika huyo amekuwa kipaza sauti chenye miguu.

Kwa nini safu ya tatu hunenepa? Hesabu ya uzalishaji inajibu sehemu kubwa. Misimu minne ya kwanza ina sehemu 23 kila mmoja, na kila sehemu ina kama dakika 42 za hadithi. Humo kunatakiwa adui, pambano, kushindwa, mazungumzo ya kumwinua shujaa, pambano la pili. Mbio za kutengenezwa kwa kompyuta ni ghali, maneno ya korido ni rahisi. Ongeza kwamba karibu kila aliyeingia maabara alipewa nguvu za ajabu hatimaye: Cisco, Caitlin (daktari wa timu), hata Iris kwa sehemu moja ya msimu wa 4. Kadiri wenye nguvu walivyoongezeka ndivyo kila mmoja alivyohitaji sababu ya kutozitumia leo, na sababu hizo zilizidi kuwa dhaifu.

Caitlin Snow aliumia zaidi kwa njia hiyo. Danielle Panabaker alicheza Caitlin, Frost (nafsi yake ya pili yenye nguvu za barafu), kisha Khione katika msimu wa 9, tena vizuri, lakini daktari mwenye huzuni ya kumpoteza Ronnie, mpenzi wake, aliachwa mahali fulani njiani.

Tom Cavanagh, aliyecheza Wells, ni habari nyingine. Karibu kila msimu ulileta Wells mpya kutoka ulimwengu mwingine, na wengi walichoka kufikia Sherloque wa msimu wa 5. Mimi ningeishia kwa H.R., Wells wa msimu wa 3, yule asiye mwanasayansi kabisa, mwenye vijiti vya ngoma mkononi, aliyebadilishana sura na Iris na kufa badala yake. Hakuwa na kipaji chochote ambacho timu ilikihitaji. Ndiyo sababu kifo chake kina uzito kuliko vya wenye nguvu.

Eddie naye alijipiga risasi ili mzao wake, Reverse-Flash, asizaliwe, sehemu ya 23 ya msimu wa kwanza. Kumrudisha miaka minane baadaye awe adui kulipunguza tendo lile, na sidhani kama kulikuwa na haja.

Sehemu hiyo hiyo ina tukio ambalo halina mwanga wowote wa kompyuta. Barry anaulizia kama arudi akamwokoe mama yake. Henry, baba mzazi aliyefungwa kwa mauaji asiyoyafanya, ambaye angepata uhuru na mke wake, anamwambia asiende. Joe West, aliyemlea, ambaye historia ikibadilika hatakuwa amemlea kamwe, anamwambia nenda.