Hela ya kusubiri

Mwaka 2018 nilikuwa nafundisha shule ya msingi huko Tandahimba, mkoa wa Mtwara, ndani ndani kabisa. Mwanangu wa kwanza kazaliwa mwanzoni mwa Agosti, likizo ya uzazi ni siku 84 tu, ukihesabu unakuta mwisho wa Oktoba natakiwa niwe darasani na mtoto sina wa kumwachia. Mume wangu kikazi yuko Mtwara mjini, anakuja wikiendi, tena zile ambazo gari halijagoma njiani. Nikasema dada wa kazi ananishindaje kijijini, si ndo huku wanakotoka wote walioko Dar?

Weee. Mabinti wanatoka huku kwenda mjini, hakuna anayetoka huku kuja huku huku. Halafu Oktoba ni msimu bana, watu wako mashambani wanaokota korosho, ukimtajia binti elfu 40 kwa mwezi (ndo kilikuwa kima cha chini kilichotangazwa 2013 kwa anayelala kwa bosi wake) anacheka hata hajibu. Nikaagiza wa mjini. Akashuka kwenye Noah na begi lake zuri tu, swali la kwanza simu anachajia wapi, nikamwonyesha sola yangu ya taa 3. Kulipokucha akaniaga anaenda kununua vocha. Mpaka leo.

Bibi jirani ndo akanihurumia. "Mwalimu, mjukuu wangu yupo, kaachika, ana mtoto wa miaka 6. Ila yule usimzungushe." Nikamwambia bibi hata leo aje.

Kaja saa 10 jioni. Mi nimejipanga na maswali yangu, umeshawahi kulea, mtoto akipata homa unafanyaje, yaani najiona bosi kweli kweli. Ye kanisalimia, mkeka niliomtandikia hakuukalia, kaenda moja kwa moja kwenye kisima. Kwa asiyejua, kule juu kwenye nyanda za Wamakonde maji ya chini yako mbali mno, kwa hiyo mwenye uwezo anachimba shimo kubwa uani analisakafia kwa saruji, mvua ikinyesha maji ya batini yanaingia humo, na hayo ndo utakayokula mwaka mzima. Bomba lilikuwa linatoka kwa zamu, na zamu yetu sijui nani alikuwa anaijua. Basi akafunua kifuniko, akashusha kidumu cha kamba mpaka kikagonga chini, akavuta, akaipima ile sehemu ya kamba iliyolowa kwa mkono wake, ncha za vidole hadi kiwiko, mara moja na nusu.

"Mkono na nusu. Mvua Desemba. Nepi za mtoto utafulia nini, mwalimu?"

Maswali yangu yote yakaishia hapo. Tukakubaliana maji ya kufulia nanunua madumu yanayoletwa na bodaboda, mtoto wake anahamia kwangu na Januari namwandikisha darasa la kwanza, na asubuhi za Jumapili anaenda kuokota korosho za baba yake. Nikapanda mpaka elfu 48 kwa mwezi nikidhani nimemaliza. Akatingisha kichwa.

"Elfu 12, Jumamosi kwa Jumamosi."

Nikamweleza mwalimu analipwa mwisho wa mwezi, asubiri.

"Hela ya kusubiri ninayo tayari, iko ghalani."

Nikanyamaza maana ilikuwa kweli. Siku zile zile wakulima wa Tandahimba na Newala walikuwa wamezikataa bei za korosho mnadani, magunia yamekaa kwenye maghala bila kuuzwa, baba yake karatasi ya kuonyesha magunia yake yako ghalani kaikunja kaificha juu ya kenchi. Novemba Rais Magufuli akatangaza serikali inanunua yenyewe, 3,300 kwa kilo, malori ya jeshi yakaanza kupita, vijijini ikawa shangwe. Bei ilikuwa nzuri, hela ndo haikuwa mkononi.

Jumamosi ya tatu mume wangu hakuja na mimi sina hata mia. Nikamwambia dada'angu, vumilia mpaka Jumatatu. Hakugomba wala hakununa. Akanikabidhi mtoto, "kashaoga, akilia mgeuzie ubavu wa kushoto", akamshika mwanae mkono wakaondoka.

Nilikaa kama nusu saa na hasira zangu, nikijisemea ana kiburi huyu, kwani elfu 12 ni nini. Halafu nikajiuliza kama si kitu mbona sina? Nikabeba mtoto mpaka dukani, nikakopa, nikaanza kukata mchanga kwa miguu jua linazama hadi kwa baba yake. Nikamkuta uani kwao anachagua korosho kwenye ungo. Akapokea, akahesabu zile noti mbele yangu, akafunga kwenye pindo la kanga, ndo akanyoosha mikono.

"Haya, lete mtoto."

Baba yake alilipwa mwaka uliofuata, korosho zenyewe zilishasahaulika. Alipita kwangu siku hiyo kacheka meno yote nje, kamletea mjukuu viatu vya shule. Ilikuwa Jumamosi. Nikajua leo kwa furaha hii binti yake hatadai. Saa 12 jioni natoka jikoni namkuta kasimama mlangoni, mwanangu kalala mgongoni mwake, kiganja kakifungua.