Keria ya bodaboda hupasuka wapi

Wachomeleaji wa Kibuye, Kisumu, tazameni mgongo wa kona ya keria, yaani upande wake wa nje. Paipu ya milimita 25 yenye unene wa 1.5, ikikunjwa kwa nusukipenyo cha milimita 75, huvutika hapo kama asilimia 17. Chuma hubaki karibu milimita 1.3. Tumboni, upande wa ndani, hubanwa, hufanya makunyanzi.

Mshono wa kiwandani wa paipu uelekeze ubavuni mwa kona, ambako hauvutwi wala kubanwa sana. Shindilia mchanga mkavu ndani ya paipu kabla ya kukunja. Mkavu kweli: ukiwa na unyevu, ukipasha moto mvuke utakulipukia.

Na jamani, msichomelee juu ya kona! Ufa mwembamba kama unywele huanzia ukingoni mwa weldi, mashimo ya barabara yakamalizia. Sogeza weldi sentimita 5, kwenye sehemu iliyonyooka.