Anayelenga ni Nani?

Mwezi Novemba mwaka 2022 nilifanya kazi ya ukalimani kwa siku mbili katika mkutano wa wataalamu wa maendeleo, na hadi leo kila ninapolikuta neno "walengwa" katika ripoti, fikra zangu hurudi kwenye kile kibanda cha vioo kilichokuwa nyuma ya ukumbi. Walikuwapo wachumi, watakwimu, watumishi wa mashirika ya misaada ya kibinadamu na, jambo lisilo la kawaida sana katika mikutano ya aina hiyo, watu sita waliokuwa wakiishi kwa misaada yenyewe baada ya kuyakimbia makazi yao. Hao sita walizungumza Kiswahili, na wataalamu karibu wote walizungumza Kiingereza. Katikati tulikuwa sisi wawili, mimi na mwenzangu aliyenizidi umri na ujuzi, tukipokezana kila baada ya nusu saa, kwa sababu akili ya mkalimani wa papo kwa papo huchoka upesi kuliko watu wanavyodhani.

Asiyeijua kazi hii huenda asifahamu kwamba mkalimani hasemi "mzungumzaji anasema kuwa". Husema "mimi". Mchumi akikiri kwamba alikosea hesabu, mimi ndiye ninayekiri. Mtu akisema amewazika wanawe wawili njiani, mimi ndiye ninayesema nimewazika. Sharti la pili ni kwamba mkalimani haongezi, hapunguzi, wala hafafanui. Sharti hilo nililijua vyema, na ndilo nililolivunja.

Asubuhi ilianza kwa mjadala wa mstari wa umaskini. Miezi miwili kabla ya hapo Benki ya Dunia ilikuwa imeuhamisha mstari wa umaskini uliokithiri kutoka dola 1.90 hadi dola 2.15 kwa mtu kwa siku, na baadhi ya waliohudhuria walidhani kigezo kimepandishwa ili maskini waonekane wengi zaidi. Mtakwimu mmoja alieleza kwa uvumilivu mkubwa kwamba kilichobadilika ni bei zilizotumika kupimia, yaani za mwaka 2017 badala ya zile za 2011, na kwamba idadi ya maskini duniani haikusogea sana kwa sababu hiyo. Wakalimani huziogopa tarakimu, maana haiwezekani kuzibashiri kabla hazijatamkwa, lakini siku ile hazikunisumbua. Kilichonisumbua ni "ukosefu wa usawa". Kila wataalamu walipotumia neno lao moja, mimi nililazimika kutumia maneno matatu, na walipofika kwenye hesabu za mwaka ule zilizoonyesha kuwa asilimia 10 ya watu matajiri zaidi wanamiliki takriban asilimia 76 ya mali yote ya dunia, huku nusu ya chini ya watu wote ikigawana asilimia 2, nilikuwa nimebaki nyuma kwa sentensi nzima.

Kosa langu la kwanza lilikuja kabla ya mapumziko ya asubuhi. Mtaalamu wa kilimo alikuwa akieleza jinsi kaya zinavyopoteza uwezo wa kupata chakula wakati wa mgogoro, nami nikatumia istilahi niliyoizoea kutoka katika nyaraka nyingi rasmi, "usalama wa chakula". Mzee mmoja kati ya wale sita akaomba nafasi. Alizungumza kwa ufasaha na kwa hasira iliyodhibitiwa kuhusu nafaka iliyofika ikiwa imeota kuvu, kuhusu watoto walioumwa matumbo, na kuhusu afisa aliyewaambia waioshe. Mtaalamu alishukuru, kisha akajibu kuhusu akiba ya nafaka na bei za sokoni. Mzee akarudia swali lake. Mtaalamu akarudia jibu lake. Niliwatafsiri wote wawili kwa uaminifu mkubwa, na kwa muda wa dakika tano hakuna aliyemsikia mwenzake, mpaka mwenzangu aliponisogezea kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa herufi kubwa: UHAKIKA.

Alikuwa sahihi. Mtaalamu alizungumzia uhakika wa chakula, na mzee alisikia habari ya chakula kisicho na madhara. Hata hivyo, nilipokuwa nikinywa maji wakati wa mapumziko nilikumbuka kwamba fasili ya uhakika wa chakula iliyokubaliwa katika Mkutano Mkuu wa Chakula Duniani, Roma, mwaka 1996, inataja yote mawili: chakula cha kutosha na chakula salama, kwa watu wote na nyakati zote. Mzee hakuwa ametoka nje ya mada hata kidogo. Ni sisi tuliompokea kana kwamba ametoka.

Kikao kilichofuata kilikuwa kizito zaidi. Nchini Somalia mvua zilikuwa zimekosekana kwa misimu minne mfululizo na wa tano ulikuwa ukielekea huko huko, na tangu Septemba wataalamu walikuwa wameonya kwamba wilaya za Baidoa na Burhakaba zingeweza kuingia katika baa la njaa kabla ya mwaka kwisha. Swali lililokuwa mezani lilikuwa: baa la njaa hutangazwa lini? Mzungumzaji, mtu wa takwimu za dharura, alivitaja vigezo vyake polepole, labda kwa kutuhurumia sisi wa kibandani: angalau kaya moja kati ya kila tano iwe na upungufu wa chakula wa kupindukia, zaidi ya asilimia 30 ya watoto wadogo wawe na utapiamlo mkali, na watu wawili kati ya kila 10,000 wawe wanakufa kila siku. Hapo nilipata taabu ya namna nyingine. Kiswahili kina neno "njaa" kwa anayesubiri chakula cha mchana na kwa anayekufa, na bila kulishikilia lile "baa" mbele yake kila mara, msikilizaji angedhani wataalamu wanabishana kama watu wanasikia njaa au hawasikii.

Mzungumzaji alirejea mwaka 2011. Wakati ule baa la njaa lilitangazwa Somalia tarehe 20 Julai, na utafiti uliofanywa baadaye ulikadiria kwamba watu wapatao 258,000 walifariki, zaidi ya nusu yao wakiwa watoto wa chini ya miaka mitano. Takriban nusu ya vifo hivyo vilikuwa vimekwisha kutokea kabla ya tangazo. "Tulisubiri ushahidi," alisema, nami nikasema kwa Kiswahili, kwa sauti yangu, "Tulisubiri ushahidi." Kisha akaongeza kwamba ucheleweshaji wa aina hiyo huwaumiza walengwa kuliko mtu mwingine yeyote.

Mama mmoja kati ya wale sita alikuwa hajasema neno tangu asubuhi. Aliwasha kipaza sauti chake kabla mwenyekiti hajampa nafasi.

"Tangu tumeingia humu nasikia walengwa, walengwa," alisema. "Ninavyojua mimi, anayelengwa ni ndege au mnyama. Na anayelenga hufumba jicho moja. Sasa naomba niulize. Kwetu sisi, anayelenga ni nani? Ameshika nini mkononi? Na lile jicho alilolifumba, lingeona nini kama angelifumbua?"

Kicheko kilizuka upande wa waliokuwa wakisikiliza bila vipokea sauti, kikakatika ghafla, kwa sababu upande wa pili ulikuwa kimya ukinisubiri mimi. Na mimi nilikuwa nimekwama. Wataalamu hawakuwa wamesema "walengwa". Tangu asubuhi walikuwa wakitumia neno lao la upole, lenye maana ya watu wanaonufaika, na ni mimi niliyelifanya walengwa, kwa mazoea, kwa kuwa ndivyo linavyoandikwa katika ripoti zetu. Kama ningeutafsiri mshale wa yule mama ulivyo, ungewafikia watu wasioujua upinde uliourusha, nao wangemwona mwanamke anayelalamikia neno ambalo hakuna aliyelitamka.

Inaruhusiwa, katika hali kama hiyo, kusema kwa ufupi kwamba mkalimani anaomba kusahihisha tafsiri yake, kisha kuendelea. Mimi sikuishia hapo. Nilisema kwamba neno lile ni langu, kwamba kwa Kiswahili limetoka katika kitenzi kinachotumika kwa mwindaji na kwa askari, kwamba mama hachezi na maneno bali anauliza nani anaamua, na ndipo nikalitafsiri swali lake. Nilizungumza kwa takriban dakika nzima ambayo haikuwa ya mtu yeyote ila mimi. Mwenzangu hakunigusa wala hakunitazama. Alikuwa akiangalia kitufe cha kuzima kipaza sauti, na nadhani alikuwa akipima kama akibonyeze.

Mchumi aliyejibu aliniondolea sehemu ya aibu na kuniongezea mzigo mwingine. Alisema mkalimani asijilaumu, kwa sababu kulenga ndilo jina halisi la kazi wanayoifanya. Pesa zikiwa haba, alisema, tunatafuta njia ya kuwafikia walio maskini zaidi, na kwa kuwa hatuwezi kuyajua mapato ya kila mtu, tunahesabu vitu vinavyoonekana: paa, sakafu, idadi ya watu ndani ya nyumba, mifugo. Kila kitu hupewa alama, alama hujumlishwa, na chini ya kiwango fulani mtu huingia katika orodha. Njia hiyo huzaa makosa ya aina mbili, la kumwingiza asiyestahili na la kumwacha anayestahili. Alinyamaza kidogo. "Jicho lililofumbwa," alisema, "ni hilo kosa la pili. Wafadhili hutuuliza sana kuhusu lile la kwanza."

Kati ya majibu yote niliyoyatafsiri katika siku zile mbili, hilo ndilo nililolitoa kwa moyo mweupe kabisa. Mtu wa misaada ya kibinadamu aliyefuata alijaribu swali la pili, la kilichoshikwa mkononi. Alikumbusha kwamba mwaka 2016, kwenye mkutano wa Istanbul, wafadhili na mashirika makubwa waliahidi kwamba ifikapo 2020 angalau asilimia 25 ya fedha za misaada zingepelekwa moja kwa moja kadiri iwezekanavyo kwa mashirika ya nchi husika, na kwamba ahadi hiyo haikutimia. Baada ya hapo akasema shirika lake limeanza kutumia neno "washiriki". Mama alilisikiliza hilo hadi mwisho, akazima kipaza sauti chake.

Wakati wa mapumziko ya mchana alikuja kibandani. Nilidhani anakuja kunilaumu, nikasimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kumbe ni wewe, mwanangu? Sauti yako ilivyokuwa ikisema 'sisi wafadhili', nilitegemea kumkuta mtu mwenye suti."

Nilimwomba radhi. Nilimweleza kwamba lile neno lilikuwa langu, kwamba wao hawakulitamka, na kwamba nililitumia bila kufikiri. Alinisikiliza huku akifungua mkoba wake mdogo.

"Nimesikia ulivyojishtaki mbele za watu," alisema. "Lakini usilichukue lote peke yako."

Akatoa kadi iliyofunikwa kwa plastiki iliyochubuka pembeni, ile aliyokuwa akiionyesha kila siku ya mgao. Ilikuwa na picha yake, namba ndefu, na nafasi ya alama ya kidole. Juu kabisa, kwa Kiswahili kilichochapwa vizuri, palikuwa pameandikwa: Jina la Mlengwa.

Mwenzangu alinigonga begani, maana kikao cha mchana kilikuwa kinaanza na ilikuwa zamu yangu. Mama akairudisha kadi mkobani, akaenda kukaa. Nikavaa vipokea sauti. Mzungumzaji wa kwanza alilitamka lile neno lake la upole katika sentensi ya tatu, nami nikasema "wanaopokea msaada", maneno mawili badala ya moja, nikabaki nyuma kidogo.